Pamba ina mizani, dhahabu ina soko, wimbo je?

Na Mwandishi Wetu

WIMBO ni zao kama yalivyo mazao mengine. Unatungwa kwa jasho, una msimu wake, una mteja wake na una dalali wake. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita zao hili lilikuwapo kabla ya pamba kuanza kulimwa kwa ajili ya kuuzwa. Tofauti ni moja: pamba ina mizani, dhahabu ina soko, lakini wimbo bado unauzwa kwa kukadiria kwa macho.

Kila mwaka pamba ikishavunwa na fedha zikaanza kuonekana mikononi mwa wakulima, hasa kati ya Juni na Agosti, vikundi vya ngoma vya Wasukuma huingia kwenye mashindano. Humo ndimo nyimbo mpya huzaliwa. Nyingine hufia pale pale uwanjani. Nyingine husafiri na wafanyabiashara wa minadani, zikafika Katoro, Kahama, Nyarugusu na Kakola, zikapigwa kwenye baa, kwenye bodaboda na kwenye simu za wachimbaji. Mtunzi wake, ambaye kwa Kiswahili tunamwita manju na Wasukuma humwita ningi, mara nyingi hubaki kijijini akilima.

Makala haya yanautazama wimbo kama biashara: unatokea wapi, nani analipwa, na kwa nini aliyeutunga ndiye anayeambulia kidogo.

Wagika na Wagalu

Kwa mapokeo ya Wasukuma, mashindano haya yalianza katika karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Ubishi wao ulimalizwa kwa ngoma: aliyevuta watu wengi ndiye aliyehesabiwa mshindi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, na wa Gumha wakaitwa Wagalu. Hadi leo kundi la ngoma Usukumani hujulikana liko upande gani kati ya pande hizo mbili.

Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa lakini ni mgumu kuushinda. Makundi mawili hupanga siku moja na uwanja mmoja, kila moja likapiga ngoma yake upande wake. Hakuna meza ya majaji wala karatasi za alama. Mtazamaji akichoshwa na upande huu, anahamia upande ule. Jioni inapofika, kila mtu anaona kwa macho yake ni uwanja gani uliojaa na ni upi uliobaki na vumbi. Ndiyo maana makundi hutafuta kila mbinu ya kuvuta watu: mavazi, sarakasi, nyoka, nungunungu, na hata dawa ya mvuto ambayo Wasukuma huiita samba.

Pamoja na hayo yote, kinachowashika watu ni wimbo. Wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu, kwa sababu kila mmoja ameshausikia. Kwa hiyo manju analazimika kutunga upya kila msimu. Hutunga wakati wa kilimo, akauficha wimbo wake mpaka siku yenyewe, maana mpinzani akiusikia mapema atakuja na jibu. Ndani ya wimbo huweka habari za mwaka: mvua zilivyokuwa, bei ya pamba, deni la pembejeo, kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake akakimbilia machimboni. Aidha, hutaja jina lake mwenyewe na la ukoo wake ili kila asikiaye ajue mwenye wimbo ni nani. Kumbuka jambo hilo la jina, tutalirudia.

Mashindano makubwa yanayojulikana nje ya Usukumani ni yale ya sikukuu ya Bulabo, yanayofanyika Juni huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi. Yalianzishwa enzi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi Bujora katika miaka ya 1950 na kujenga hapo makumbusho ya Wasukuma. Makundi ya Wagika na Wagalu hukutana hapo mbele ya maelfu ya watu.

Wimbo ulianza shambani

Msomaji asidhani kwamba biashara ya wimbo ni jambo la juzi. Zamani wimbo ulikuwa zana ya kilimo. Vijana wa kijiji walijiunga katika vikundi vya kulima, vikiwamo vile vya bugobogobo, wakaenda shamba kwa shamba. Mpiga ngoma na manju walitangulia, majembe yakafuata mdundo. Mkulima aliyewaalika alijua kwamba kikundi chenye manju mzuri kinamaliza eneo kubwa kwa siku moja, na alilipa kwa fedha, kwa mifugo au kwa chakula na pombe. Kwa maneno mengine, mwenye shamba alikodi jembe na wimbo kwa pamoja.

Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson, katika kitabu chake kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma kilichochapishwa mwaka 2010, alikusanya nyimbo zaidi ya 300 za wawindaji, wapagazi, wakulima na wachimbaji. Anayezipitia anaona kwamba kila kazi iliyowahi kuingiza fedha Usukumani ilikuwa na nyimbo zake na watunzi wake wanaojulikana kwa majina.

Plau ya ng'ombe na baadaye trekta vilipoenea, hitaji la kikundi kikubwa cha majembe likapungua. Wimbo ukatoka shambani ukaenda uwanjani, harusini na kwenye mikutano ya hadhara. Hapo ndipo ulipopoteza ujira wake wa uhakika. Shambani malipo yalipimwa kwa eneo lililolimwa. Uwanjani hakuna kipimo.

Fedha za maduara

Dhahabu ilibadilisha tena hesabu. Mgodi wa Geita ulianza kazi mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Pembeni yao maelfu ya wachimbaji wadogo waliendelea na maduara yao Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko. Geita nayo ikawa mkoa kamili mwaka 2012, ikaundwa kwa maeneo yaliyotoka Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka. Fedha ya duara huja siku yoyote mwamba unapokubali. Kwa manju hii ilimaanisha kwamba soko lake halisubiri tena Juni. Kuna sherehe ya kufungua nyumba ya wageni, kuna harusi ya mmiliki wa karasha, kuna mnada wa kila wiki, kuna kampeni za uchaguzi. Kinanda na gitaa la umeme vikaingia kwenye nyimbo za Kisukuma, na vijana wengi wakaanza kurekodi studio za Kahama, Geita na Mwanza. Picha zilianza kwenye kanda, zikaenda kwenye santuri za video, zikaingia kwenye memori kadi, na sasa zinatazamwa kwenye YouTube.

Kipato cha manju wa leo kinatoka katika njia kuu nne. Ya kwanza ni kukodiwa kwenye shughuli. Ya pili ni kutuzwa, yaani mtazamaji anapotoka mbele na noti mkononi. Ya tatu ni kutaja majina: mwenye duara au mwenye ng'ombe wengi hulipa ili asifiwe ndani ya wimbo. Ya nne ni wimbo wenyewe ukishatengenezwa, unapouzwa, kupigwa redioni au kutazamwa mtandaoni.

Tuchukue mfano wa kukadiria ili hesabu ieleweke. Kundi la watu 12 limekodiwa kwa Sh400,000. Usafiri umekula Sh80,000, spika na jenereta Sh70,000, chakula Sh30,000. Inabaki Sh220,000. Ikigawanywa sawa, kila mmoja anapata Sh18,333. Manju aliyekaa miezi mitatu akitunga anapata sawa na aliyepiga njuga jioni moja, au anaongezewa kidogo kwa heshima. Kutuzwa na kutaja majina kunaweza kumwongezea, lakini fedha hizo zinategemea siku na zinamalizikia pale pale.

Njia ya nne ndiyo pekee inayoweza kumlipa akiwa amelala, akiwa mgonjwa au akiwa amezeeka. Na ndiyo njia ambayo wengi wameshaiuza bila kujua.

Kuuza zao likiwa bichi

Kila mkulima anafahamu hasara ya kuuza zao likiwa bado shambani. Njaa imebana, ada ya mtoto inadaiwa, mwenye fedha anakuja na kununua gunia kabla halijavunwa kwa bei anayoipanga yeye. Katika nyimbo mambo huenda vivyo hivyo. Manju hana fedha ya studio wala ya video. Anakuja mfadhili, anagharamia kurekodi, anampa mtunzi Sh300,000 kwa mfano, na mazungumzo yanaishia hapo. Akaunti ya mtandaoni inafunguliwa kwa jina la mfadhili. Nakala halisi za kazi zinakaa kwake. Hakuna karatasi, au ipo karatasi ambayo mtunzi hakuisoma.

Tuendelee na mfano. Tuseme wimbo huo umependwa na unaingiza Sh150,000 kwa mwezi kwa miaka miwili. Jumla ni Sh3,600,000. Kama manju angekuwa amekubaliana apate asilimia 30, angepata Sh1,080,000, zaidi ya mara tatu ya fedha aliyopewa mkononi, na wimbo ungebaki wake. Mfadhili naye angebaki na Sh2,520,000 za kurudisha gharama zake na kupata faida. Mfadhili si adui. Bila yeye wimbo usingetoka kijijini. Kinachokosekana ni mapatano yanayopimika.

Shindano la taifa latafuta sauti

Wapo wanaosema njia ya kutokea ni mashindano ya kitaifa. Ni kweli kwamba yamefungua milango. Bongo Star Search, lililoanza katikati ya miaka ya 2000 chini ya Rita Paulsen, limekuwa likipita mikoani kutafuta vijana wenye vipaji, na Kanda ya Ziwa haikuachwa nyuma: mwaka 2013 mshindi alikuwa Emmanuel Msuya kutoka Mwanza, aliyejinyakulia Sh50 milioni.

Hata hivyo, shindano la aina hiyo linapima sauti. Kijana husimama mbele ya majaji akaimba wimbo uliokwisha kutungwa na mtu mwingine. Akishinda ndipo atafutiwe wimbo wake. Usukumani mambo ni kinyume: anayeingia uwanjani na wimbo wa mwenzake ameshashindwa kabla ya kuanza. Manju bora wa Kishapu au Bukombe anaweza asifike hata raundi ya pili ya shindano la sauti, kwa sababu kipaji chake kiko kwenye utunzi, na lugha yake ni Kisukuma.

Tuzo za Muziki Tanzania, zilizoanza mwaka 1999 na kujulikana kwa miaka mingi kama Tuzo za Kili, zilikuwa na kipengele cha wimbo bora wenye asili ya Kitanzania. Zilisimama baada ya mwaka 2015 na zikarejeshwa mwaka 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Tuzo ni heshima kubwa, lakini humfikia yule ambaye wimbo wake umeshafika mjini. Bado halijapatikana jukwaa la kitaifa linalofanya kile kinachofanywa na uwanja wa Wagika na Wagalu, yaani kumlazimisha mtunzi alete wimbo mpya na kumpima kwa huo.

Funzo kutoka Johannesburg

Yanayotokea Geita yaliwahi kutokea kwenye mji mwingine uliojengwa na dhahabu. Wafanyakazi wa Kizulu waliohamia Johannesburg katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa wakishindana kuimba usiku, wikiendi, kwenye mabweni yao. Mmoja wao aliitwa Solomon Linda. Mwaka 1939 alirekodi na kundi lake wimbo ulioitwa Mbube. Inaelezwa kwamba aliachia haki zake kwa shilingi 10 tu kwa kampuni iliyomrekodi, ambako alikuwa pia mfanyakazi.

Wimbo huo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukaimbwa Marekani na dunia nzima, na baadaye ukaingizwa kwenye filamu ya Disney, The Lion King. Linda alifariki dunia mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifika mahakamani, na mwaka 2006 ikapata mapatano ya kulipwa, miaka 44 baada ya kifo chake.

Hapa jirani mkoani Kagera kuna mfano mwingine wa jinsi wimbo unavyoishi muda mrefu. Wimbo wa Saida Karoli uliotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, Maria Salome, uliibuka upya mwaka 2016 ndani ya Salome, kazi ya Diamond Platnumz na Rayvanny. Wimbo wa lugha ya nyumbani ukawa bidhaa mpya kwa kizazi kingine. Siku kama hiyo ikifika kwa wimbo wa manju wa Nyang'hwale au Mbogwe, swali la kwanza litakuwa: karatasi ziko kwa nani?

Sheria iko upande wa mtunzi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 haimdai mtunzi ada ili wimbo uwe wake. Wimbo ni mali yake tangu alipoutunga. Ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo ni urithi wa watoto kama yalivyo shamba na ng'ombe. Ana haki pia ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Sheria inataka uhamisho wa haki za kiuchumi ufanyike kwa maandishi na kutiwa saini na pande zote mbili. Mapatano ya mdomo hayatoshi kumnyang'anya mtu wimbo wake.

Tatizo liko mahali pawili. La kwanza ni neno "asili". Nyimbo za Kisukuma zikifika mjini hupachikwa jina la nyimbo za asili, na msikilizaji hudhani hazina mwenyewe, kana kwamba zimeokotwa porini. Ngoma ni ya asili, mdundo ni wa mababu, lakini wimbo wa msimu huu umetungwa na mtu aliye hai, na ndiyo maana amelitaja jina lake ndani yake. Anayelifuta jina hilo wakati wa kuhariri anafuta hati ya shamba.

La pili ni namna mirabaha inavyohesabiwa. Mapema mwaka 2022 COSOTA iligawa zaidi ya Sh300 milioni kwa wasanii kutokana na kazi zao kutumika. Ni hatua nzuri. Lakini mgawo wa aina hiyo unafuata kumbukumbu za vituo vya utangazaji na kazi zilizosajiliwa. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili, na nyimbo za Kisukuma husikika zaidi mnadani, baani na kwenye simu za watu. Wimbo usiosajiliwa na usiopigwa redioni hauonekani kwenye hesabu hata kama Geita nzima inauimba.

Manju afanye nini?

Kwanza, asajili kazi zake. Usajili si sharti la kumiliki wimbo, ila ni ushahidi wa kuonyesha siku ya ubishi, na ni njia ya kuingia kwenye orodha ya wanaostahili mirabaha. Anayeishi mbali anaweza kumwomba Ofisa Utamaduni wa halmashauri yake amwelekeze.

Pili, arekodi wimbo kwa simu mara tu anapoukamilisha, akitaja jina lake na tarehe, na kuuhifadhi mahali zaidi ya pamoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi.

Tatu, asikubali fedha ya mfadhili bila karatasi yenye mambo manne: wimbo ni wa nani, mfadhili anaruhusiwa kuutumia kwa miaka mingapi, mapato yanagawanywaje, na akaunti ya mtandaoni iko kwa jina la nani. Asiyejua kusoma aende na mtu anayemwamini.

Nne, kundi liwe na katiba na daftari la mapato. Wapige ngoma walipwe kwa shughuli, na mtunzi awe na fungu lake la utunzi linalojulikana kabla ya kupanda gari.

Tano, vikundi viungane. Hapa historia ya kanda hii inatosha kuwa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamikia kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Wakachagua watu wao wa kusimamia upimaji, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955, chini ya kina Paul Bomani, vyama hivyo vikawa na muungano wao, Victoria Federation of Cooperative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wachimbaji wadogo nao walilalamika kwa miaka mingi juu ya kodi na walanguzi, mpaka Februari 2019 wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio, na Machi mwaka huo huo soko la kwanza la madini nchini likafunguliwa Geita mjini.

Katika visa vyote viwili zao halikubadilika. Pamba ilibaki pamba na dhahabu ilibaki dhahabu. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji alipata mahali pa kuuona uzito wa mali yake kabla ya kuiachia. Halmashauri za Shinyanga na Geita, zenye maofisa utamaduni na maofisa biashara, zinaweza kuanza na jambo dogo: kila shindano la ngoma linalofanyika kwenye eneo lao liwe na meza moja ya kuandika jina la wimbo, jina la mtunzi na tarehe.

Wagika na Wagalu wamekuwa wakijua tangu karne ya 19 namna ya kumpata mshindi. Kilichobaki ni mshindi huyo kurudi nyumbani na kitu ambacho watoto wake wataweza kukirithi.